Kwa nini 'ndiyo' ya Guangzhou si 'ndiyo' ya Bofu

ABIRIA wa feri ya Likoni wanaijua vyema ile subira inayowapata pindi meli kubwa ya makontena inapopita katika mkondo kuelekea bandari ya Kilindini, nayo feri ikalazimika kungoja. Wengi huutumia muda huo kutazama simu zao. Lakini mama mmoja mwenye duka la vyombo mtaani Bofu, Likoni, aliniambia kuwa kwa majuma kadhaa mwaka wa 2025 hakuweza kuiona meli yoyote ikiingia asijiulize iwapo imebeba mzigo wake.

Alikuwa ameagiza chupa za chai, masinia na vikombe kutoka kiwanda kimoja kusini mwa Uchina, karibu na jiji la Guangzhou. Hizo ni bidhaa zinazouzika kwa wingi katika mwezi wa Ramadhani na siku za kuikaribia Idi. Sehemu kubwa ya mtaji ilitokana na zamu yake katika chama cha akina mama, na iliyosalia ilikuwa mkopo. Alitanguliza asilimia 30 ya bei, kama ilivyo desturi ya viwanda vingi vya huko, na asilimia 70 akatakiwa kuilipa kabla ya mzigo kusafirishwa.

"Kaka, nilimuuliza mara tatu, mzigo utafika kabla ya Ramadhani? Mara zote tatu alinijibu ndiyo, hakuna shida," alisema.

Mzigo ulifika baada ya Idi. Vikombe vilikuwa vizima, chupa zililingana na sampuli, na idadi haikupungua hata moja. Waliopungua ni wateja. Chama kilikuwa kikidai, mwenye mkopo alikuwa akidai, na masinia yalikuwa yamepangwa hadi darini.

Kilichotokea ni rahisi kueleza ukiwa na kalenda mbili mkononi. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia Januari 29, 2025. Katika msimu huo wafanyakazi wa viwandani husafiri kwenda makwao, wengine maelfu ya kilomita, na viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwanzoni mwa Machi na Idi ikaja mwishoni mwa mwezi huo. Ukijumlisha siku za kufungwa, siku za kuunda bidhaa na safari ya bahari ya takriban mwezi mzima, utaona kwamba agizo lililotolewa mwezi wa Januari halikuwa na njia ya kuwahi.

Wakala wa mauzo wa kiwanda hicho bila shaka aliyajua hayo yote. Basi kwa nini aliitikia?

Mama yule ana jibu lake: tapeli. Mimi sidhani hivyo, japo simtetei wakala, kwa maana anayepokea fedha za mwenzake ana wajibu wa kumweleza kuwa kiwanda kinafungwa. Katika biashara za Uchina, na kwa kiasi kikubwa Japani na nchi nyingine za mashariki ya Asia, kumkatalia mteja waziwazi ni kumvunjia heshima yeye na kujivunjia wewe mwenyewe. Huko huitwa kupoteza uso. Kwa hivyo "ndiyo" aghalabu humaanisha "nimekusikia". Kukataa huja kwa njia nyingine: jibu linalochelewa, mazungumzo yanayogeuzwa, ahadi ya "tutajitahidi". Anayeuliza swali linalojibiwa kwa ndiyo au la atapewa ndiyo, na atakuwa hajaelezwa lolote.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa lugha hiyo. Ni nani miongoni mwetu asiyewahi kujibu "Inshallah" huku akijua moyoni kuwa harusi hiyo hataenda? Fundi akikwambia "kesho", mwenyeji wa Likoni hupima sauti yake na uso wake kabla ya kujua ni kesho ipi. Neno lenyewe la Inshallah ni la imani na si la mzaha, lakini masikioni mwa mgeni hugeuka mambo mawili ambayo yote si sahihi. Mmoja huichukua kuwa ahadi kamili, mwingine huichukua kuwa njia ya kukataa. Mama wa Bofu alikuwa akiitumia hekima hiyo kila siku kwa fundi wake na kwa wateja wake wa mkopo. Hakuwaza kwamba mtu aliye ng'ambo ya bahari, anayemwandikia Kiingereza cha simu, naye ana "Inshallah" yake.

Mtaalamu wa masuala ya utamaduni kutoka Marekani, Edward T. Hall, alilieleza jambo hili kitambo katika kitabu chake The Silent Language cha mwaka wa 1959, na mwaka uliofuata akawaandikia wafanyabiashara wa nchi yake makala iliyochapishwa katika jarida la Harvard Business Review. Aliwaambia kuwa kuna lugha tano zisizotamkwa ambazo mfanyabiashara aendaye ugenini sharti ajifunze: ya wakati, ya nafasi baina ya watu, ya vitu, ya urafiki na ya makubaliano.

Lugha ya wakati nitaipitia upesi, kwa sababu makosa yake huonekana mapema na hurekebishika. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, akiambiwa mkutano ni saa tatu, huenda akafika saa tisa alasiri. Wanaofanya biashara na Muscat au Jeddah hukuta kimya siku za Ijumaa na Jumamosi, ambazo ndizo za mapumziko huko, ilhali Dubai na sehemu kubwa ya Milki za Kiarabu ilihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, Ijumaa ikabaki nusu siku. Mwenye kuagiza kutoka pande hizo zote mbili asipolijua hilo, atapoteza siku mbili tatu kila wiki akingoja majibu.

Lugha iliyo ngumu, na ndiyo inayokula fedha za watu, ni ile ya mwisho: ya makubaliano.

Kauli, waraka na shahidi

Kila jamii ya wafanyabiashara huwa na mahali inapoiweka imani yake. Wengine huiweka katika karatasi, wengine katika mtu, wengine katika ukoo na wengine katika ofisi ya tatu inayosimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Hasara nyingi hutokea pale pande mbili zinapodhani kuwa zimeiweka imani hiyo mahali pamoja, kumbe sivyo.

Pwani yetu inalo neno lake la kale kuhusu jambo hili: mali kauli. Mwenye bidhaa humkabidhi mwenzake mali bila ya kupokea senti, kwa kauli tu, naye hulipa akishauza. Hadi leo utaikuta katika maduka ya Likoni, Kongowea na Kisauni, kutoka kwa vitambaa hadi samaki. Dhamana ya mkopo huo ni jina la mtu. Anayevunja kauli hafikishwi mahakamani. Hunyimwa mali siku ya pili, na habari zake humtangulia sokoni.

Utaratibu huo haukuzuka hivi karibuni. Mwandishi asiyejulikana wa Periplus ya Bahari ya Erithrea, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, anaeleza kuwa wafanyabiashara wa Arabuni ya kusini waliokuja katika pwani hii waliwatumia manahodha na mawakala waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao na waliojua lugha yao. Karne nyingi baadaye, mwaka wa 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu na kuandika aliyoyaona. Meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa mashua wakiwa na vyakula, na kila mmoja akamtwaa mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni yule alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Kutoka huko Ibn Battuta aliendelea hadi Mombasa, kisha Kilwa.

Msomaji aone maana ya desturi ile. Mgeni hakuijua bei ya mji, wala mji haukumjua mgeni. Badala ya kuandikiana mkataba na kila mnunuzi, alipewa mtu mmoja aliyebeba dhamana ya pande zote mbili. Chakula kile hakikuwa ukarimu mtupu, kilikuwa mwanzo wa mkataba.

Hata hivyo, ni kosa kudhani, kama wanavyodhani wageni wengi na hata baadhi yetu, kuwa Pwani haikujua karatasi. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara, katika kitabu chake A Sea of Debt kilichochapishwa mwaka wa 2017, ameonyesha jinsi wafanyabiashara wa Muscat, Zanzibar na India walivyoandikiana madeni katika karne ya 19 kwa hati fupi zilizoitwa waraka, zikavuka bahari kutoka mkono hadi mkono. Kiswahili chenyewe ni shahidi. Waraka, rehani, dalali na shehena vimetoka kwa Waarabu; hundi na bima vimetoka upande wa India; cheki imetoka kwa Mwingereza. Watu hawaazimi neno la jambo wasilolifanya.

Nalisema hili kwa sababu ya kauli moja ninayoisikia mara kwa mara: "Ukiniandikisha, basi huniamini." Kwa Muislamu wa Pwani hoja hiyo ni dhaifu, kwa maana aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza kuwa deni la muda liandikwe na mashahidi waitwe. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, sura ya 31, haitaki karatasi peke yake. Inasema kuwa mauzo ya bidhaa za thamani ya Sh200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa kuna maandishi, au mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa malipo ya kufunga biashara. Malipo hayo ndiyo wazee wetu waliyoyaita arbuni. Sheria ya Kiingereza na desturi ya Waswahili zimekutana hapo bila ya kuambiana.

Minazi ya nani?

Kutoka Bofu hadi Dongo Kundu si mbali. Huko ndiko linakoendelezwa eneo maalum la kiuchumi pamoja na gati jipya kwa ufadhili wa Japani, na huko ndiko wawekezaji kutoka ng'ambo wanakotarajiwa kuja na viwanda vyao. Hapa tofauti za utamaduni haziishii katika chupa za chai, zinagusa ardhi.

Mwekezaji kutoka Tokyo au London huuliza swali moja: nani mwenye hatimiliki? Katika sehemu nyingi za Pwani swali hilo halitoshi, kwa kuwa desturi inaruhusu mtu kumiliki minazi au miembe katika ardhi ambayo si yake. Mnazi huuzwa, hurithiwa na huwekwa rehani peke yake. David Parkin, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni, alilichunguza suala hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1972 kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Neno la mwisho la anwani hiyo ndilo lenye uzito: mashahidi. Aliyenunua minazi hakuwa na karatasi. Alikuwa na wazee walioshuhudia, na umiliki wake uliishi maadamu wazee hao waliishi na kukubali kusema.

Kwa mwekezaji, ushahidi wa wazee ni uvumi. Kwa mzee, karatasi iliyotiwa sahihi Nairobi na mtu asiyewahi kuukanyaga mchanga wa shamba hilo ndiyo uvumi. Likoni imeionja hali hiyo kwa miaka mingi katika mgogoro wa shamba la Waitiki, uliodumu hadi Serikali ilipoanza kutoa hatimiliki kwa wakazi mwezi wa Januari 2016. Ule haukuwa mgogoro wa biashara ya kimataifa, lakini yeyote anayekuja kujenga kiwanda upande huu wa kivuko anaingia katika kumbukumbu yake apende asipende.

Wajapani, kwa upande wao, huja na desturi inayowachosha maafisa wetu. Mkutano huitishwa, maswali mengi huulizwa, kisha hakuna jibu kwa majuma. Mwenyeji hudhani wamesita au wanataka kitu. Ukweli ni kwamba katika kampuni za Kijapani uamuzi hukomaa kabla ya mkutano, kwa mashauriano ya mtu na mtu yanayoitwa nemawashi. Neno hilo limetoka kwa wakulima: ni kazi ya kuichimbia na kuitayarisha mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha. Hati nayo huzungushwa kutoka meza hadi meza ikipigwa mihuri. Wakishakubaliana, hutekeleza kwa kasi, na hapo ndipo wanapomshangaa Mkenya aliyekubali siku ile ile mkutanoni lakini akaanza kushauriana na wenzake baadaye.

Wazee wa Kidigo hawatakuwa na taabu kuielewa nemawashi. Nao hawalipeleki jambo barazani kabla ya kulizungumza faraghani.

Lugha moja, sheria mbili

Pengine hatari kubwa zaidi ni pale usipoona tofauti kabisa. Mfanyabiashara wa Mombasa akitua Muscat na kuingia katika soko la Matrah, hatakosa kusikia Kiswahili. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na pwani hii walihamia huko baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu mwaka wa 1970. Watamkaribisha kwa kahawa na tende, watamuuliza habari za Mombasa, na baina yao huenda wakapata babu mmoja.

Ukarimu huo ni wa kweli. Lakini biashara itakayofuata itaongozwa na sheria za Oman na si na udugu. Kwa miaka mingi nchi za Ghuba zilimtaka mgeni awe na mshirika mwenyeji au mdhamini ili afungue kampuni. Ukitafakari, utamwona yule mwenyeji wa Mogadishu wa mwaka wa 1331, ila sasa amevaa vazi la sheria na ana hisa. Oman ililegeza sharti hilo kwa sheria ya uwekezaji iliyoanza kutumika Januari 2020, na Milki za Kiarabu zikafuata mwaka wa 2021 kwa biashara nyingi. Anayekwenda leo na ushauri aliopewa na mjomba aliyefanya kazi Dubai mwaka wa 1998 anaweza kumpa mtu nusu ya kampuni yake bila ya sababu.

Suala la riba nalo linafanana na hilo. Mkataba wa kawaida kutoka Ulaya huweka riba kwa malipo yanayochelewa, na mwenye kuuandika haoni tatizo lolote. Kwa Muislamu anayeishika dini, kifungu hicho peke yake chaweza kuua biashara nzima, na mara nyingi hatasema sababu, atanyamaza tu. Kenya ilipata benki zake za kwanza zinazofuata sharia kikamilifu mwaka wa 2008, Gulf African Bank na First Community Bank. Katika utaratibu wa murabaha, benki hununua bidhaa kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Hesabu ya mwisho yaweza kukaribiana na ile ya riba, lakini kwa mteja tofauti ni ya halali na haramu, wala si juu ya msambazaji wa Hamburg kumwambia vinginevyo.

Palipo na utaratibu wa tatu

Mombasa ina mfano mmoja mzuri wa watu wasiofanana wakifanya biashara bila kugombana kila juma: mnada wa chai. Ulianzia Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamia Mombasa mwaka wa 1969. London ilipoufunga mnada wake mwaka wa 1998, wa Mombasa uliendelea kukua. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine huuzwa hapo kwa dola, na Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa wa ile ya Kenya.

Mkulima wa Kericho na mchanganyaji wa chai wa Karachi hawahitaji kuaminiana. Wanaamini sampuli, ulimi wa mwonjaji, dalali na kanuni za chama cha wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki. Imani yote imehamishiwa katika utaratibu.

Mfanyabiashara mdogo hana mnada, lakini zipo kanuni ambazo angeweza kuzitumia. Masharti ya Incoterms, yaliyotungwa mara ya kwanza mwaka wa 1936 na Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara yenye makao yake Paris, na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka wa 2020, yanaeleza kwa herufi tatu nani analipa nini na hasara ni ya nani. Wengi wanaoagiza kupitia Kilindini huona CIF katika karatasi na kudhani kuwa muuzaji anabeba hatari hadi mzigo ufike. Sivyo. Muuzaji hulipa nauli na bima hadi Mombasa, lakini hasara ya njiani ni ya mnunuzi tangu mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka. Anayedai ni yeye, kwa kampuni ya bima, na asiyekuwa na nakala ya bima hiyo hana la kudai. Herufi hizo hazina utamaduni, na ndiyo faida yake.

Tahadhari kuhusu vitabu

Baada ya kuyasema hayo, sharti nitahadharishe. Kuna vitabu na semina nyingi zinazouza mapishi ya namna hii: Mjerumani yuko hivi, Mwarabu yuko vile, mpe Mchina kadi yako kwa mikono miwili. Kazi iliyozaa nyingi ya hizo ni ya Mholanzi Geert Hofstede, aliyekusanya majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi na kuchapisha matokeo mwaka wa 1980, akizipa nchi alama kwa vigezo kama vile umbali wa mamlaka na ubinafsi. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini kwa upande wetu, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa katika fungu moja lililoitwa Afrika Mashariki.

Tembea Bofu asubuhi moja. Utamkuta Mdigo, Mswahili, Mkamba, Mjaluo, Mluhya na Mkikuyu, kila mmoja na namna yake ya kudai deni. Ni yupi kati yao aliyepewa alama ile? Na je, kijana wa miaka 24 anayeuza simu pale anafanana zaidi na babu yake au na kijana wa Guangzhou anayemuuzia?

Kinyume chake pia kipo. Tumezoea kuambiwa kwamba Mmarekani haamini ila mkataba. Mwaka wa 1963 mwanasheria Stewart Macaulay alichapisha uchunguzi wake kuhusu wafanyabiashara wa jimbo la Wisconsin na kugundua kwamba mara nyingi hawakuyagusa mashariti waliyoyatia sahihi. Palipotokea tatizo walipigiana simu na kulimaliza, kwa kuwa walitaka kuendelea kuuziana mwaka ujao. Kwa lugha yetu, walikuwa na mali kauli yao, na mkataba ulikaa sandukuni.

Jambo jingine lisilopaswa kufunikwa kwa kitambaa cha utamaduni ni hongo. Nimesikia mara nyingi mgeni akielezwa kuwa "chai" ni desturi ya hapa. Kumkaribisha mtu chai ni desturi; kumwekea bahasha ili karatasi isonge ni kosa chini ya Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka wa 2016, na kwa kampuni ya Uingereza ni kosa pia chini ya sheria ya kwao ya mwaka wa 2010, hata kama bahasha ilitolewa Mombasa. Anayekwambia kuwa ni utamaduni aghalabu ndiye anayeipokea.

Mama wa Bofu hakukata tamaa. Masinia yaliuzwa polepole hadi msimu wa harusi ukayamaliza, na deni la chama akalilipa kwa kuchelewa zamu mbili. Alipoagiza tena, aliagiza kutoka kiwanda kile kile, jambo lililonishangaza. "Mali yao ilikuwa safi," aliniambia. "Mimi ndiye sikujua kuuliza."

Safari hii hakuuliza iwapo mzigo utawahi. Aliuliza kiwanda kinafungwa tarehe ngapi, kinafunguliwa lini, mzigo utapakiwa siku gani, na akataka picha ya makasha kabla ya kutuma asilimia 70. Majibu yalikuja siku hiyo hiyo, yakiwa na tarehe zote.

Kisha wakala naye akamuuliza swali moja: Idi itakuwa tarehe ngapi hasa? Alimjibu kwamba hilo latategemea mwezi kuandama, na kwamba Kadhi Mkuu ndiye atakayetangaza, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wakala alinyamaza kwa muda, kisha akaandika tena: sawa, lakini tarehe ngapi?